Safari ya Kwanza na Semi: Mwongozo kwa Dereva Mpya, Kutoka Bandari ya Dar Hadi Kongo

Ukishapata leseni ya daraja E na tajiri wa kukukabidhi ufunguo, ni rahisi kudhani kilichobaki ni usukani tu. Usukani utauzoea haraka. Kinachomrudisha dereva mpya Dar akiwa na deni, au akiwa hana kazi, mara nyingi ni vitu vingine kabisa: namba ya kontena iliyokosewa tarakimu moja, mzigo uliolalia ekseli ya nyuma, gia iliyotafutwa wakati gari tayari limeshaingia mteremkoni, na posho iliyoishia Tunduma.

Hapa tunafuata njia ya wengi, TANZAM, barabara kuu ya Tanzania na Zambia: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya hadi Tunduma, kama kilometa 930 kutoka Dar, kisha Zambia mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, na Lubumbashi. Ukipangiwa njia ya Dodoma, Singida na Kahama kwenda mpaka wa Rusumo (Rwanda) au Kabanga (Burundi), mengi ya humu yatakufaa vilevile. Tofauti kubwa ni kwamba badala ya mlima wa Kitonga utakutana na wa Sekenke.

Hatua ya 1: Karatasi zako kwanza, begi baadaye

Daraja E huanzi nalo. Unapanda kutoka D ukiwa umeshaendesha kwa miaka, na waajiri wengi wa Dar wataomba pia cheti cha mafunzo ya magari makubwa, kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) pale Mabibo au VETA. Hakikisha leseni haitaisha muda ukiwa njiani. Safari ya Kongo inaweza kuvuta wiki, na hakuna dirisha la TRA Kasumbalesa.

Pasi ya kusafiria inatoka Uhamiaji, ada yake shilingi 150,000, na bila kitambulisho cha NIDA huendi popote. Kabla ya kuipeleka kwa tajiri au wakala, piga picha ukurasa wenye sura yako uweke kwenye simu.

Halafu kuna kadi mbili za njano, na madereva wapya huzichanganya. Ya kwanza ni ya chanjo ya homa ya manjano, yako wewe kama mtu. Cheti chake huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ukichanjwa Jumatatu na kupakia Jumatano, mpakani watakusumbua na watakuwa na haki. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, asikudanganye mtu kwamba kimeisha. Ya pili ni bima ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ya gari, inayolipa ukigonga mtu au mali nje ya nchi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango wa bima hiyo. Iangalie tarehe na namba ya gari, na hakikisha nchi zote unazopita zimo.

Kuhusu mkataba: mwaka 2015 madereva waligoma nchi nzima, na moja ya madai yao makubwa ilikuwa mikataba ya ajira. Bado wapo wanaopewa ufunguo kwa maneno ya mdomo. Omba karatasi. Ndani yake tafuta majibu ya maswali matatu: nani analipa faini ya uzito, nani anakulisha foleni ikizidi siku zilizohesabiwa, na kama unakatiwa NSSF na umeandikishwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Swali la pili ndilo ambalo matajiri wengi hawapendi kuulizwa. Liulize kabla ya kupakia, kwa upole: "Bosi, tukikaa foleni zaidi ya siku tulizopanga, posho inakuwaje?" Akikujibu kwa ujumbe wa simu, usiufute.

Hatua ya 2: Lizunguke gari lote na utingo wako

Usimdharau utingo. Mara nyingi amelijua hilo gari kabla yako, anajua taa gani inakatika mvua ikinyesha na tairi gani hupungua upepo. Kama amekuzidi umri, mpe shikamoo yake, kisha mzunguke gari pamoja kwa mwendo wa taratibu, kuanzia mlango wa dereva mpaka mrudi hapohapo.

Matairi yagongwe kwa kipande cha bomba au spana ndefu. Lenye upepo hurusha chuma mkononi na kutoa mlio mkavu. Lililolegea linatoa sauti nzito na chuma kinabaki palepale. Msiruke tairi la ndani kwenye yale ya pacha. Hilo likiwa tupu, mwenzake anabeba mzigo wa wawili, nalo lililo tupu linasagika na kupata moto, na malori yameungua barabarani kwa sababu hiyo tu. Angalia nati za magurudumu: mstari wa kutu unaotiririka kutoka kwenye nati ni dalili kwamba imelegea. Mkibadilisha tairi njiani, simameni baada ya kilometa 50 hivi mkaze tena.

Vuta vile vikamba chini ya matangi ya upepo maji yatoke. Maji yakibaki humo huharibu vali za breki. Washa injini mpaka upepo ujae, izime, kanyaga breki uishikilie huku ukitazama geji. Mshale ukiendelea kushuka, kuna mahali panavuja, na utingo akipita pembeni atasikia panapozomea.

Baada ya kuunganisha tela, usiamini macho peke yake. Shika breki ya tela, tia gia ya kwanza na uvute kidogo. Kisha shuka, washa tochi ya simu, hakikisha pini imeshikwa na hakuna mwanya kati ya tela na sahani linalokalia. Kama umebeba kontena, kufuli zote nne za pembeni ziwe zimefungwa. Kontena linaloanguka kwenye kona huwa halianguki peke yake.

Hatua ya 3: Kupakia

Bandarini au kwenye bandari kavu utasubiri. Beba maji, chaji ya simu na subira. Kontena likishawekwa, kazi yako ya kwanza si kuondoka bali kusoma.

Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Isome mlangoni, si kwenye ujumbe wa simu aliokutumia karani, na ulinganishe na kila karatasi: T1 (hati ya forodha ya mzigo unaopita nchi), orodha ya mzigo, hati ya kupokelea. Fanya hivyohivyo kwa namba ya lakiri, namba ya kichwa, namba ya tela na jina lako kama lilivyo kwenye pasi. Kosa likigundulika ukiwa bado Kurasini, wakala analirekebisha siku hiyohiyo. Likigundulika Misugusugu, kwenye kituo cha ukaguzi cha TRA, unaegesha pembeni na kupiga simu. Likigundulika Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, unaweza kulala huko.

Mzigo ukifungwa lakiri ya kielektroniki, jua kwamba TRA wanauona. Ukiacha njia iliyopangwa, ukikaa mahali pasipoeleweka kwa muda mrefu, au mlango ukiguswa, taarifa inafika kwao kabla hujafika wewe. Hata kama unataka kupita nyumbani Mbezi kuchukua blanketi, usiingize gari mtaani. Blanketi lije lenyewe barabarani.

Kama ni mzigo wa wazi, mfano salfa au mbolea ya mifuko, simamia upakiaji mwenyewe. Hapo ndipo mizani inapopita au kukwama.

Hatua ya 4: Mizani

Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Tanzania Machi 2019. Vipimo vya kuweka kichwani: ekseli ya mbele tani 8, ekseli mbili za kuvuta zenye matairi ya pacha tani 18, ekseli tatu za tela tani 24. Kwa semi ya kawaida ya ekseli sita hiyo ni tani 50 kwa jumla, gari na mzigo pamoja. Ekseli saba ni 56, na hapo ndipo mwisho. Tela lenye matairi mapana ya moja moja huruhusiwa uzito mdogo zaidi.

Wengi hukosea hapa: jumla yako inaweza kuwa sawa na bado ukashikwa, kwa sababu ekseli hupimwa kwa makundi. Mifuko ikirundikwa nyuma, tela linazidi huku kichwa kikiwa chepesi. Wapakiaji wanalipwa kwa kumaliza, hawalipwi kwa kupanga. Wewe ndiye utakayesimama kwenye mizani ya Vigwaza ukiomba vibarua wa kuhamisha mifuko juani.

Kumbuka pia mafuta yana uzito. Lita 800 za dizeli ni karibu kilo 670. Kama umepakia hadi ukingoni, usijaze matangi pomoni kabla ya mizani ya kwanza. Weka ya kukutosha, ujazie mbele.

Unaingia mizani hata ukiwa mtupu. Kuikwepa ni kosa linalojitegemea na faini yake inauma. Panda polepole bila kukanyaga breki ghafla, maana ukifunga breki juu ya sahani, uzito unaruka mbele na kipimo kinadanganya. Tiketi zote zitunze kwa mpangilio wa safari, Vigwaza mpaka mizani ya Mpemba karibu na Tunduma, kwa sababu ukizidi mahali fulani, tiketi za nyuma ndizo ushahidi wako.

Hatua ya 5: Tochi, wanyama na gari bovu

Gari lako mwisho ni 80, na kwenye makazi yenye vibao ni 50. Tochi za trafiki za kupimia mwendo hukaa hasa pale barabara inaponyooka na kijiji kinaonekana kama kimeisha. Faini ni 30,000 kwa kosa. Ukikamatwa, shuka vizuri, "Habari za kazi, afande," sikiliza kosa, omba kuandikiwa upate namba ya malipo. Bishana kwa adabu kama una hoja. Kama huna, lipa uondoke. Muda wa lori ni ghali kuliko 30,000.

Kati ya Doma na Mikumi barabara inakata hifadhi kwa kama kilometa 50. Vibao vinataka 70 mchana na 50 usiku, na vingine vinaorodhesha faini ya kila mnyama kwa dola. Hata bila faini, nyati usiku huwezi kumwona mpaka uwe umemfikia. Panga kupita hapo mchana.

Lori la mbele likikuwashia indiketa ya kushoto, dereva anakwambia kweupe, pita. Ya kulia, anakwambia tulia. Ni hisani tu, haikuondolei jukumu. Huenda hajaona pikipiki isiyo na taa.

Ukiharibikiwa, weka pembetatu mbali nyuma na mbele, na matawi ya miti kuanzia mbali zaidi, kama ilivyo desturi. Mkimaliza matengenezo ondoeni kila jiwe na kila tawi. Kuna watu wamekufa kwa mawe yaliyoachwa barabarani na wenzetu.

Hatua ya 6: Milima na miteremko

Kwenda, Kitonga unaipanda. Kutoka Ruaha Mbuyuni barabara inaanza kujikunja ukutani mwa mlima, njia moja kila upande, korongo pembeni. Shusha gia mapema, kabla injini haijaanza kulia, na ukishaipata inayobeba mzigo baki nayo hadi juu. Usijaribu kulipita lori jingine. Mkifungana wawili kwenye kona, mnasimamisha mikoa ya kusini yote. Tazama geji ya joto, na simama pale tu penye nafasi. Kwenye mwendo wa kutambaa hivi ndipo vibaka hupanda nyuma na kuchana turubai, kwa hiyo utingo awe macho kwenye kioo chake.

Hatari yenyewe iko kwenye kushuka. Ukielekea Tunduma, baada ya Mbeya mjini kuna mteremko wa Iwambi unaokuangusha hadi Mbalizi, penye soko, bodaboda na watoto wa shule. Ukirudi umebeba shaba, kuna miteremko ya Inyala baada ya Uyole, kisha Kitonga hiyohiyo, sasa ukiwa juu yake.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Ukizikanyaga mfululizo mlima mzima, madramu yanapata moto na kutanuka, breki shuu zinapoteza mshiko, na pedali inakuwa ipo ila haifanyi kitu. Ukiipampu kwa hofu, upepo nao unaisha. Ndiyo maana polisi wakiandika "breki zilifeli", mara nyingi breki zilikuwa nzima pale juu ya mlima.

Fanya hivi. Kabla ya kilele, simama penye nafasi. Kagua upepo, gusia madramu kwa mkono bila kuyashika: joto la kawaida unalivumilia, la hatari linakufukuza. Chagua gia ambayo ungeipandia mlima huohuo kwa mzigo huohuo, au ya chini yake, na uichague kabla gari halijaelekeza pua chini. Washa breki ya injini. Mwendo ukipanda kupita ulioupanga, kanyaga kwa nguvu mpaka upungue kama kilometa 10 kwa saa, achia kabisa, subiri upande tena. Kukanyaga kidogokidogo muda wote ndiko kunakochoma.

Usishuke na frii, yaani gari likiwa halina gia. Kuna watakaokwambia unaokoa mafuta. Gari lenye tani 50 likishachanganya mwendo kwenye frii, gia haitaingia tena, na huo mlima una kona.

Ukisikia harufu ya kuungua au kuona moshi magurudumuni, simama mapema mahali pa kwanza panaporuhusu, funga kwa vigingi, uache breki zipoe zenyewe. Usimwagie maji dramu la moto. Linapasuka.

Nyuma yako watapiga honi na kukuonyesha mikono. Waache wapige.

Hatua ya 7: Kulala na kula

Safari hii haina dereva wa pili, na utingo si dereva hata akikwambia anajua. Ukianza kusahau kijiji ulichopita sasa hivi, tayari unasinzia. Dirisha wazi, muziki na kahawa hukuchangamsha kidogo tu. Dawa ni kuegesha na kulala, hata nusu saa.

Egesha penye malori mengine na mwanga: Chalinze, Mikumi, Ilula, Mafinga, Makambako. Mafinga na Makambako baridi yake mtu wa Dar haamini mpaka aione, hasa Juni na Julai. Mafuta kwenye matangi yafungwe, maana wanyonyaji hufanya kazi ukiwa usingizini. Na wale wanaokuja mchana na madumu wakitaka uwauzie lita kadhaa, ujue hesabu ya mafuta ya safari hiyo tajiri anaijua kuliko wewe.

Jiko dogo la gesi, sufuria moja, unga na mchele vitakuokolea hela nyingi kuliko unavyodhani. Nyanya na vitunguu chukua Ilula, ni rahisi. Mkipika, msipikie ndani ya kichwa. Kunywa maji, na usibane mkojo kwa sababu ya haraka.

Usipakie mtu usiyemjua, hata mmoja, hata akilia. Njia hii hutumika kusafirisha wahamiaji haramu kwenda kusini, na wakikutwa garini mwako, unayepelekwa mahakamani ni wewe na gari linazuiliwa. Vifurushi vya "mpe ndugu yangu Lubumbashi" ni vilevile.

Hatua ya 8: Tunduma na kuvuka

Foleni ya malori Tunduma unaweza kuikuta kabla hujauona mji. Usiingie katikati ya foleni kwa ujanja; wenzako watakukumbuka, na huko mbele utawahitaji kwa jeki na kwa maji.

Mpaka wa Tunduma na Nakonde ni wa huduma kwa pamoja, kwa hiyo taratibu za nchi zote mbili unazimalizia upande unaoingia. Karatasi zako binafsi zibaki kwako. Za mzigo mpe wakala aliyetajwa na ofisi yako tu, si kijana aliyekurukia dirishani akijua jina lako. Piga simu Dar kwanza, "Huyu aliyejitambulisha kwangu ni wa kwetu?"

Saa irudishe nyuma. Tunduma ikiwa saa nne asubuhi, Nakonde ni saa tatu. Ukipewa ahadi na ofisi, uliza ni saa ya upande gani.

Posho igawe kabla ya kuvuka. Sehemu ya ushuru na tozo za Zambia na Kongo isiguswe kwa chakula hata siku moja. Ukibadilisha shilingi kuwa kwacha, piga hesabu mwenyewe kwenye simu kabla ya kutoa noti, hesabu unachopewa mbele yake, na usirudishe mkononi mwake hela uliyokwisha kuihesabu, hata akidai amekosea. Laini ya Zambia utasajiliwa kwa pasi.

Zambia mnaendelea kushoto kama nyumbani. Ukivuka Kasumbalesa, Kongo wanaendesha kulia, na usukani wako bado uko kulia, kwa hiyo ukitaka kupita gari huoni mbele. Utingo ndiye jicho lako. Kama humwamini, usipite. Kwenye mizunguko mshike mwenye lori la mbele na umfuate. Lugha haitakusumbua sana: Lubumbashi Kiswahili kipo, cha kwao, na ukikisikiliza kwa siku moja utakishika. Foleni ndiyo itakayokusumbua.

Hatua ya 9: Kurudi

Shaba ina thamani na wezi wanalijua hilo. Mwendo wa mchana, maegesho yenye walinzi, na usitangaze ulichobeba kwenye meza ya chai.

Ukifika Dar, kontena tupu lirudishe kwenye yadi iliyoandikwa, si ile uliyozoea, na usiondoke getini bila hati ya kupokelewa. Ipige picha pande zote mbili hapohapo, maana siku za kuchelewesha kontena hulipiwa kwa dola, na ofisi ikikosa hati hiyo itaanza kumtafuta dereva. Kisha kaa na karani mmalize hesabu ya posho risiti kwa risiti. Ubovu wote wa gari mwandikie fundi kwenye karatasi, yeye asaini, wewe ubaki na nakala kabla hujakabidhi ufunguo.